Sura ya Nne: Pa Kuogopea

Vilima vya Masisi vinapanda kupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sake, mji mdogo ulio chini ya vilima hivyo kando ya Ziwa Kivu, haufiki mita 1,500. Kati ya namba hizo mbili pana mteremko, na katika mteremko huo yupo kijana amepiga goti moja juu ya ubao, mikono imeng'ang'ania usukani wa mti, na mgongoni pake magunia ya viazi yanataka kufika Goma kabla yake.

Alichopanda ni chukudu. Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa, lakini wa Tanga au Nakuru huenda hajaiona. Ifikirie baiskeli isiyo na kiti, isiyo na pedeli wala mnyororo, iliyochongwa kwa mbao tangu usukani hadi magurudumu. Magurudumu ni mawili, madogo, yamevishwa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Katikati umelazwa ubao mrefu wa kubebea mzigo, na penye goti pamepigiliwa kipande cha ndala ili mfupa usije ukachubuka. Chombo hiki kilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, uchumi wa Zaire ulipokuwa unateleza, na leo kinabeba mamia ya kilo kwa safari moja: makala, mbao, kabichi, maharage, na fromaji ya Masisi inayoliwa Goma nzima. Mwaka 2009 mji wa Goma ulikisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Ni miji michache duniani iliyompa mpagazi heshima ambayo mingine huwapa majenerali.

Kwenye tambarare chukudu husukumwa. Mlimani husukumwa na wawili, watatu, jasho likiwatiririka. Kwenye mteremko haisukumwi na mtu. Hapo uzito uliokuwa adui tangu asubuhi unageuka kuwa injini, na injini hiyo haina swichi ya kuizima.

Itazame breki yake kwa karibu. Nyuma, juu ya gurudumu, kimeninginizwa kipande cha mpira wa tairi. Mwendeshaji hukikanyaga kwa unyayo, mpira unaugandamiza mpira mwenzake, na msuguano huo ndio kila kitu alicho nacho. Akikanyaga kwa pupa, gurudumu linajifunga na mzigo unamrusha pembeni. Akichelewa kukanyaga, mwendo unakuwa umeshazidi nguvu ya mguu wake. Mvua ikinyesha, na Masisi mvua si mgeni, mpira unateleza juu ya mpira. Kwa hiyo mguu lazima uanze kazi wakati bado hakuna sababu inayoonekana ya kufanya kazi. Hilo ndilo somo lote la chukudu, na mwanafunzi hulijua kwa kichwa muda mrefu kabla mguu haujalikubali. Anaanza akiwa msukumaji, nyuma ya mkubwa wake, akisukuma mlimani na kukimbia pembeni kwenye miteremko midogo. Siku anapoachiwa usukani penye mteremko wa kweli, viganja vinalowa, magoti yanalegea, na mambo yote aliyoyatazama kwa wenzake yanamtoka kichwani kwa mpigo mmoja.

Kitabu hiki kinahusu hofu ya anayejifunza, na nimemweka kijana huyu mbele kwa sababu ana ndugu yake wa mbali ambaye wanasayansi wamempima kuliko karibu mwanafunzi mwingine yeyote: yule anayejifunza kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Wote wawili kazi yao ni kushuka. Wote wawili wakishaanza, hakuna kughairi katikati. Na wote wawili huambiwa maneno yaleyale yasiyosaidia, kwamba wajikaze, wawe wanaume, wasiogope.

Miaka ya 1960, wanasaikolojia wawili waliokuwa Marekani, Seymour Epstein na Walter Fenz, waliamua kuipima hofu ya waruka kwa mwavuli badala ya kuihadithia. Walichukua watu wa aina mbili, wageni wa kazi na wazoefu. Wakapima mapigo ya moyo, pumzi, na jasho la ngozi, ambalo hujulikana kwa jinsi ngozi inavyopitisha umeme, tangu mtu anapofika uwanjani hadi ndege iko juu na zamu yake ya kuruka imekaribia. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1967 yakawa maarufu katika taaluma yao, na ukiyachora kwenye karatasi utaona kwa nini. Mstari wa mgeni unapanda tu. Anapofika uwanjani umepanda, anapoingia kwenye ndege umepanda zaidi, na kadiri mlango unavyokaribia ndivyo unavyozidi kwenda juu. Mstari wa mzoefu nao unapanda, tena mapema, lakini unafika kilele mahali fulani njiani kisha unaanza kushuka. Mlangoni, palepale ambapo mgeni moyo unataka kumtoka, moyo wa mzoefu umekaribia mwendo wake wa kawaida.

Walipowauliza kwa mdomo, majibu yalifuata njia hiyohiyo. Wageni walisema hofu yao ilizidi kupanda hadi ishara ya kujiandaa kuruka. Wazoefu walisema waliogopa zaidi asubuhi ya siku ya kuruka.

Asubuhi! Mtu ana mamia ya miruko nyuma yake, yuko nyumbani na kikombe chake cha chai, na ndipo anapoogopa. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi wenye faida kubwa katika habari nzima ya hofu, na unashangaza kwa jinsi usivyojulikana nje ya vyuo. Watu husema mzoefu amezoea, haogopi tena. Vipimo vinasema anaogopa sana, ila ameihamisha hofu yake. Ameitoa mlangoni, ambako ingemfunga mikono, akaipeleka saa za mwanzo, ambako bado kuna la kufanya: kukagua mwavuli, kutazama upepo, kuahirisha.

Rudi Masisi na hilo kichwani, umtazame mwendeshaji mkubwa wa chukudu akiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Anavuta kamba za mzigo moja moja. Anatikisa gurudumu la mbele kusikia kama limelegea. Anainama na kuupapasa mpira wa breki kwa kidole gumba kujua umebaki unene gani. Mpita njia atadhani anapumzika au anapoteza muda. Hizo ndizo dakika zake za kuogopa. Akishapiga goti na kuanza kushuka, uso wake unakuwa mkavu kama wa karani, na mwanafunzi anayemfuata nyuma huona uso huo tu, akaondoka na funzo la uongo kwamba ushujaa ni kutosikia kitu.

Shule za miavuli zimejengwa juu ya ukweli huu hata pale ambapo walimu wake hawajawahi kulisikia jina la Fenz. Chukua mwanafunzi wa njia ya kamba, ambamo mwavuli hufunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege, yeye akiruka kutoka takriban mita 1,000. Kabla ya kuiona ndege, atatumia saa nyingi ardhini. Ataning'inizwa kwenye mikanda kama vazi kwenye msumari na kufanyishwa mambo yaleyale mpaka ayachukie. Hesabu kwa sauti, elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, elfu nne, kisha tazama juu. Mwavuli upo? Umejaa mraba wake wote? Unageuka ukiuvuta kushoto na kulia? Jibu moja likiwa hapana, kata mwavuli mkuu, vuta wa akiba. Tena. Tena. Mwanafunzi mwerevu hukereka, kwa kuwa ameelewa tangu mara ya kwanza. Mwalimu hana shida na kuelewa kwake. Anajua kwamba kule juu kuelewa ndiko kutakakokuwa kwa kwanza kukimbia, na kitakachobaki ni kile ambacho mikono imekirudia hadi ikachoka.

Njia nyingine, ambayo siku hizi imeenea zaidi, humpandisha mwanafunzi karibu mita 4,000 na kumwacha aanguke bila mwavuli kufunguka kwa muda unaokaribia dakika moja, walimu wawili wamemshika huku na huku. Pwani ya Kenya, Diani, kusini mwa Mombasa, kuna kampuni inayorusha watu kwa mwavuli, wengi wao wakiwa wageni waliofungwa kifuani kwa mwalimu. Mwili unapoanguka tumbo likiwa chini hufikia mwendo wa kama kilomita 200 kwa saa kisha hauongezi tena, maana hewa nayo inasukuma kwenda juu. Jambo linalowashangaza wanafunzi karibu wote ni kwamba tumbo halipandi kooni kama linavyopanda kwenye bembea. Ndege ilikuwa tayari inakwenda mbele kwa kasi, kwa hiyo mwili hauonji ule mshtuko wa kutoka kwenye kusimama kwenda kwenye kuanguka. Na kwa kuwa hakuna ukuta wala mti wa karibu wa kupimia, macho hayaoni kuanguka. Yanaona nchi imetulia chini, na upepo una kelele. Hofu iliyomtesa mwanafunzi wiki nzima ilikuwa ya kitu ambacho hakikuwepo.

Katika dakika hiyo mwanafunzi ana orodha ya kazi. Tazama upeo wa macho. Soma saa ya kimo mkononi. Peleka mkono nyuma uguse kishikio cha mwavuli, bila kuvuta, urudishe. Gusa tena. Mara ya tatu. Soma kimo. Ikifika karibu mita 1,500 toa ishara, vuta. Kazi hizo zina manufaa yake ya usalama, lakini zina jingine ambalo mwalimu huwa halitaji: mtu aliyepewa kazi ndogo, ya karibu, yenye mwanzo na mwisho, hana nafasi ya kuitazama hofu yake usoni.

Ukitaka kuona inakuwaje mtu asipopewa kazi yoyote, vuka vilima vya Masisi uende magharibi, kutoka Nyabiondo hadi Walikale, ambako majani ya malisho yanakwisha na msitu unaanza. Barabara huko imekuwa mbovu kiasi kwamba kwa miaka mingi jibu lilikuwa ndege. Mwaka 2002 kasiteriti, yaani mawe ya bati, iligunduliwa Bisie, ndani ya msitu. Wapagazi waliibeba mgongoni, magunia ya kilo 50, kwa siku nzima na zaidi za matope, ikafika barabarani. Kutoka hapo ilipandishwa kwenye ndege ndogo kwenda Goma, na kiwanja cha ndege kilikuwa barabara yenyewe. Penye Kilambo pana kipande cha lami kilichonyooka. Ndege ikikaribia, pikipiki na watembea kwa miguu walizuiwa pembeni, Antonov au LET 410 ikatua katikati ya barabara, miti kushoto, miti kulia, ikapakuliwa bia na sabuni na kupakiwa madini, kisha ikaruka kutoka palepale. Biashara hiyo ilivuma hadi Septemba 2010, Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji wote wa mikono katika Kivu mbili na Maniema kwa miezi kadhaa.

Abiria wa ndege hizo walikaa walipopata nafasi, wengine juu ya bidhaa. Mbele yao, bila pazia, waliwaona marubani wakifanya kazi: mkono huu kwenye usukani, ule kwenye swichi, jicho kwenye ukingo wa lami. Rubani alikuwa na sababu zote za kuogopa ambazo abiria alikuwa nazo, na nyingine zaidi maana alizijua injini zake. Lakini rubani alikuwa na mikono. Abiria alikuwa na roho mkononi tu. Ndiyo maana katika ndege moja, hatari moja, mmoja hutoka na kuwasha sigara na mwingine hutoka akishikiliwa mabega.

Kwa aliyenyimwa kazi dawa ni kujitungia. Pumzi ndiyo rahisi kuliko zote: vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya nane, urudie. Siyo uganga. Moyo huenda kasi kidogo mtu anapovuta pumzi na hupunguza mwendo anapoitoa, kwa hiyo anayerefusha kutoa anaushika moyo kwa lijamu pekee inayofikika kwa hiari. Walimu wa miavuli hulifundisha hilo, na wengine huongeza kuimba ndani ya ndege, kwa sababu huwezi kuimba ukiwa umebana pumzi.

Wakongo wana historia ndefu ya kuruka kuliko wengi wanavyodhani, ingawa sehemu kubwa ni ya kijeshi. Mwaka 1963, Joseph-Désiré Mobutu, wakati huo mkuu wa jeshi, alikwenda Israel pamoja na askari wake wakafundishwa kuruka kwa mwavuli. Aliruka mwenyewe, akapewa mabawa, na mabawa hayo yakakaa kifuani pake kwenye sare. Nimewaza mara nyingi kuhusu kile kifua. Nchi ilitawaliwa miaka 32 na mtu aliyeitumia hofu ya wengine kwa ustadi mkubwa, naye aliwahi kusimama mlangoni mwa ndege akiwa mwanafunzi, huenda miguu ikimtetemeka kama ya mwingine yeyote. Baadaye Kinshasa ilipata kituo chake cha kufundishia askari wa miavuli, Ndjili, na tarehe 16 Mei 1978 kikosi cha Wazaire kiliruka katika mji wa Kolwezi, siku tatu kabla ya Jeshi la Wageni la Ufaransa kufanya vivyo hivyo. Hao wa Ufaransa walikuwa wazoefu, lakini walipewa miavuli ya Kimarekani iliyokuwa Zaire, ambayo hawakuizoea. Mifuko yao ya silaha haikuoana na mikanda, ikabidi waifunge kwa kamba na nyaya. Naamini hesabu ya Fenz inatuambia kilichowapata. Mzoefu akibadilishiwa vifaa, hofu yake hurudi mlangoni.

Hapa lazima niseme jambo kabla msomaji wa Masisi hajalisema. Kuna hofu ambayo sura hii haiigusi. Miji midogo ya Mushaki na Sake imetekwa, imekombolewa na kutekwa tena. Machi 2025 waasi wa M23 walifika hadi Walikale kabla ya kuondoka mwezi uliofuata. Watu wamelala chini ya mahema ya plastiki wakisubiri kujua shamba ni la nani. Anayesikia milio ya risasi akatetemeka hana kasoro ya kurekebishwa kwa mazoezi ya pumzi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mwoga wa namna hiyo ana akili timamu. Mazoezi yanafaa kwa hatari ambayo mtu ameichagua, inayofuata kanuni, ambayo kosa lake linaweza kujulikana na kuzuiwa. Mteremko una kanuni. Mwavuli una kanuni. Bunduki ya mtu mwingine haina.

Kwa hatari zenye kanuni kuna habari njema, na imetoka Norway. Holger Ursin na wenzake waliwafuatilia vijana waliokuwa wanafundishwa uaskari wa miavuli, wakiruka tena na tena kutoka kwenye mnara wa mazoezi huku wakishikiliwa na waya, nao wakachunguza damu yao. Kitabu chao kilitoka mwaka 1978. Siku ya kwanza kortisoli, homoni ya mfadhaiko, ilipanda sana. Ndani ya miruko michache tu ikawa imeshuka karibu na kawaida, wakati vijana wenyewe bado wanaruka vibaya, miguu imepanuka, kidevu kimeinuka. Mwili ulitulia kabla ya ustadi kufika. Moyo, kwa upande wake, uliendelea kwenda mbio kila walipopanda mnarani.

Mwanafunzi anapaswa kuambiwa mambo hayo mawili pamoja, kwa sababu akiusikia moyo wake unadunda mara ya kumi hudhani hajajifunza chochote. Amejifunza, moyo ni mpiga ngoma wa mwisho kupata habari. Na anapaswa kuambiwa la tatu, ambalo walimu wazuri hulisema mapema, ardhini, kwa sauti ya kawaida: anayefika mlangoni akatikisa kichwa, anarudi kukaa, anafunga mkanda, na kushuka na ndege. Halipishwi kwa kicheko. Juu ya kilima cha Masisi ruhusa hiyo ipo pia. Mvua ikiwa imenyesha na mpira umekwisha, mkubwa wa kazi huteremka kutoka kwenye chukudu, huita wenzake wawili washike mzigo kwa nyuma, na wanaishusha kwa miguu hadi Sake, wakichelewa soko.